Shyamji Krishna Varma: uhuru wa India uliopiganiwa Ulaya, na hatari iliyobebwa na wengine

Tarehe 23 Julai 1909, katika mahakama ya Old Bailey jijini London, watu wawili walihukumiwa siku moja. Madan Lal Dhingra, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Punjab, alipewa adhabu ya kunyongwa kwa kumpiga risasi Sir William Curzon Wyllie, ofisa wa wizara iliyosimamia India. Arthur Fletcher Horsley, Mwingereza mwenye kazi ya kupiga chapa, alifungwa miezi minne kwa kuchapa gazeti la uchochezi. Mhariri na mmiliki wa gazeti hilo hakuwa kizimbani. Alikuwa Paris, akiishi kwa fedha zake mwenyewe, mahali ambapo hati ya kukamatwa iliyotolewa London haikuwa na nguvu. Aliitwa Shyamji Krishna Varma, na gazeti lake liliitwa The Indian Sociologist.

Zaidi ya miaka mia moja imepita na watu bado wanavutana juu yake. Wanaomsifu wanamwita mwalimu wa wanamapinduzi, mtu aliyetoa mali yake kujenga ngome ya kudai uhuru kamili wa India ndani ya mji mkuu wa himaya yenyewe. Wanaomlaumu wanasema alikuwa tajiri aliyewasha moto kisha akahama kila ulipomkaribia: London kwenda Paris mwaka 1907, Paris kwenda Geneva mwaka 1914, huku wengine wakinyongwa na kufungwa. Pande zote mbili zina ushahidi. Lakini nyingi ya hoja hizi zinampima kwa umbali tu, kana kwamba aliye nje ni mwoga na aliye ndani ni shujaa. Umbali peke yake hauamui kitu. Cha kuuliza ni mpango aliouweka ulikuwa upi, na hatari ya mpango huo ilimwangukia nani. Kwa kipimo hicho, Shyamji wa 1905 hadi 1907 anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa, na Shyamji wa 1908 na 1909 anastahili lawama nzito kuliko wanazokubali wapenzi wake.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1857 Mandvi, bandari ya Kutch, eneo la magharibi mwa India, mwaka uleule wa maasi makubwa dhidi ya utawala wa Kampuni ya India Mashariki. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua Mandvi hata kama hawajafika. Majahazi yake yalikuja Zanzibar na Mombasa kwa pepo za kaskazi, na Wakachi wa visiwani, pamoja na nyumba kubwa za biashara kama ile ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Sultani, asili yao ni Kutch hiyo hiyo. Familia ya Shyamji ilikuwa ya hali ya chini. Kilichomwinua ni kichwa chake, hasa umahiri wake wa Kisanskriti, na ndoa yake ya mwaka 1875 na Bhanumati, binti wa mfanyabiashara tajiri wa Kibhatia wa Bombay. Alikuwa mfuasi wa Swami Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, harakati za kurekebisha dini ya Kihindu. Mwaka 1879 alikwenda Oxford kumsaidia Monier Williams, profesa wa Kisanskriti, akasoma chuo cha Balliol, akapata shahada mwaka 1883, na mwaka uliofuata akakubaliwa kuwa wakili kupitia Inner Temple, chama cha mawakili cha London.

Aliporudi India mwaka 1885 alifanya kazi ndani ya dola za kifalme zilizokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza: Ratlam, Udaipur, Junagadh. Huko aliwahi kuwa waziri mkuu na mjumbe wa baraza, na aliona kwa macho yake jinsi mjumbe mmoja wa Kiingereza anavyoweza kumwondoa waziri kwa neno moja. Alijipatia utajiri kwa uwakili na kwa kuwekeza katika viwanda vya kushindilia pamba. Mwaka 1897, baada ya Bal Gangadhar Tilak, mhariri na kiongozi wa wapigania uhuru, kufungwa miezi 18 kwa uchochezi, alihamia Uingereza moja kwa moja.

Historia hii ni muhimu kwa sababu inaeleza mambo mawili. Fedha alizotumia baadaye zilikuwa zake, si michango ya wanachama wala ruzuku ya dola nyingine. Na alipoanza kushambulia utawala, alikuwa anajua mashine inavyozunguka na wapi panapopakwa mafuta.

Mpango wenyewe

Desemba 1903, kwenye mazishi ya mwanafalsafa Herbert Spencer, Shyamji alitangaza pauni 1,000 za kuanzisha mhadhara wa kudumu Oxford kwa jina la marehemu. Mwaka uliofuata akatangaza ufadhili wa masomo kwa vijana wa Kihindi, rupia 2,000 kwa kila mmoja. Kwa kiwango cha wakati huo, rupia 15 kwa pauni moja, hiyo ni kama pauni 133. Sharti lilikuwa moja tu: mfadhiliwa akirudi India asichukue cheo, mshahara wala kazi yoyote kwenye serikali ya Waingereza.

Ufadhili huu mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja, kama sadaka ya tajiri mwema. Ulikuwa zaidi ya hapo. Sensa ya 1901 iliipa India watu wapatao milioni 294. Juu yao walikaa maofisa wa utumishi wa juu wa serikali wasiozidi elfu moja na ushei, karibu wote Waingereza. Elfu moja hawawezi kuendesha nchi ya namna hiyo. Chini yao walihitaji mahakimu, mawakili, makarani, madaktari, walimu, wakusanya kodi na askari, na wengi wa hao walikuwa Wahindi. Mtihani wa kuingia utumishi wa juu ulifanyika London, kwa hiyo vijana hodari zaidi wa India walivuka bahari kuufuata, au kuufuata uwakili. Shyamji aliweka mtego kwenye mlango huo huo. Kila kijana aliyechukua rupia zake 2,000 alikuwa mtu mmoja aliyeondolewa kwenye hesabu ya serikali.

Sardarsinh Rana, mfanyabiashara wa lulu na vito aliyeishi Paris, aliongeza nafasi tatu za kiasi hicho hicho. Zilipewa majina ya Rana Pratap, Shivaji na Akbar. Jina la tatu lisipite bila kuangaliwa. Akbar alikuwa mfalme Mwislamu wa ukoo wa Mughal, na kumweka safu moja na Wahindu wawili waliopigana na Wamughal kulikuwa kutangaza India ya aina gani wanaitaka. Leo, wakati kumbukumbu ya watu hawa inavutwa upande mmoja wa dini, ni haki kulikumbusha jina hilo.

Januari 1905 gazeti lilianza, likitoka kila mwezi kwa bei ya peni moja. Juu ya ukurasa wa kwanza liliweka maneno ya Spencer yanayosema kupinga uvamizi si halali tu bali ni wajibu. Tarehe 18 Februari akaanzisha nyumbani kwake Highgate chama cha kudai India ijitawale. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo ilifunguliwa India House, nyumba namba 65 ya Cromwell Avenue, Highgate, bweni la wanafunzi wapatao 25. Msoshalisti Henry Hyndman ndiye aliyefungua. Walikuwepo wanasiasa wa Kihindi Dadabhai Naoroji na Lala Lajpat Rai, mwanaharakati Bhikaji Cama na mpigania haki za wanawake Charlotte Despard.

Kwa nini bweni, si ofisi? Kwa sababu mwanafunzi wa Kihindi London alikuwa mpweke na alitegemea hisani. Wenye nyumba wengi hawakumtaka, na wema aliofanyiwa mara nyingi ulitoka kwa watu wenye uhusiano na serikali, ambao walimfuatilia wakati huo huo wakimsaidia. Ukimpa chumba, chakula cha kwao, maktaba na mkutano wa kila Jumapili, unamtoa kwenye utegemezi huo. Fedha, sharti, bweni na gazeti vilishikana, kila kimoja kikilisha kingine.

Ndani ya gazeti lile la miaka ya mwanzo kulikuwa na wazo ambalo wengi huliandika kwa jina la Gandhi peke yake. Shyamji aliandika kwamba Wahindi hawana haja ya silaha kuwatoa Waingereza: wakiacha kuwatumikia, jeshini, mahakamani na maofisini, utawala unaanguka wenyewe. Hiyo ni miaka 15 hivi kabla ya kampeni ya kutoshirikiana ya mwaka 1920. Gandhi mwenyewe alifika India House Oktoba 1906, akalala hapo, akazungumza na Shyamji kwa kirefu, na akaandika kwa heshima juu ya maisha yake ya kujinyima. Sidai kwamba Gandhi alichukua wazo kwake, kwa maana mawazo ya namna hiyo yalikuwa yanazunguka sehemu nyingi. Ila kuwaweka Gandhi na Shyamji kama amani dhidi ya bomu ni kuukata mwanzo wa habari.

Hadi hapa hatari ilimwangukia nani? Kwa sehemu kubwa, Shyamji mwenyewe. Jina lake lilikuwa juu ya gazeti, nyumba ilikuwa yake, fedha zake, anwani yake inajulikana, na alikuwa ndani ya mkono wa sheria ya Uingereza. Mfadhiliwa alipoteza mshahara wa serikali, jambo alilolijua kabla ya kutia saini.

Pale mzigo ulipohama

Mei 1907 Lajpat Rai alikamatwa Punjab na kupelekwa Mandalay, Burma, bila kesi, kwa kanuni ya mwaka 1818 iliyomruhusu Gavana Mkuu kumfungia mtu bila mahakama. London nako maswali juu ya gazeti yalianza kuulizwa bungeni. Juni 1907 Shyamji akahamia Paris. Ufaransa haikurudisha watu kwa makosa ya kisiasa, na mkataba wake na Uingereza wa kubadilishana wahalifu uliyaacha makosa hayo nje. Uamuzi wa kuhama naona haukuwa na kosa. Kosa liko kwenye kile alichokiacha nyuma.

Gazeti liliendelea kuchapwa London, na hapo sheria ina umuhimu wake. Sheria ya Uingereza ilimtaka mchapaji aweke jina na anwani yake kwenye kila chapa. Mhariri anaweza kuvuka bahari, lakini mchapaji ana mashine, ana duka, ana jina lililochapwa chini ya ukurasa. Serikali ikitaka kumpiga mhariri aliye nje, inampiga mchapaji aliye ndani. Hili halikuwa fumbo kwa mtu aliyesomea sheria Inner Temple. Kuanzia Juni 1907 hadi Julai 1909 ni miaka miwili na zaidi, muda wa kutosha kuhamisha uchapaji Paris. Hakuuhamisha, na wakati huo huo maandishi yake yakazidi kuwa makali, hadi akaandika kwamba kuua kwa sababu za kisiasa si uuaji. Sentensi ya aina hiyo ndiyo iliyompeleka Horsley jela, na Horsley alikuwa mtu wa biashara ya kuchapa, hakuwa mpigania uhuru wa India.

Toleo la Agosti 1909 lilichapwa na Guy Aldred, kijana wa miaka 22, mwanaharakati asiyeamini serikali yoyote, aliyejitolea kwa sababu ya kutetea uhuru wa vyombo vya habari. Alihukumiwa miezi 12 na kazi ngumu. Aldred alichagua kwa macho wazi, na hilo linabadilisha hukumu juu yake. Baada ya hapo gazeti likahamia Paris. Kwa maneno mengine, kilichowezekana Septemba 1909 kingewezekana pia mwaka 1907. Kwa nini hakukifanya? Sababu moja ni wasomaji: wanafunzi na wabunge aliotaka wamsome walikuwa London, na gazeti lililochapwa pale lilisomeka kama sauti ya ndani. Sababu nyingine ni posta. Tangu 1898 barua kutoka Uingereza kwenda India ilikuwa peni moja, na kutoka Paris, kwa kiwango cha kimataifa, ilikuwa sentimu 25, zaidi ya maradufu. Gazeti lilipigwa marufuku India Septemba 1907 kwa kutumia sheria ya forodha, kwa hiyo lilihitaji kupita kwa siri. Sababu hizi zina uzito, lakini hazitoshi kumwacha mtu mwingine asimame kizimbani badala yako.

India House nayo ilibaki bila mwenyewe. Vinayak Savarkar, aliyefika mwaka 1906 kwa ufadhili wa jina la Shivaji, ndiye aliyeishika. Chini yake bweni liligeuka kuwa kituo cha silaha. Mwanzoni mwa 1909 bastola 20 za Browning zilisafirishwa kwenda Bombay ndani ya sanduku lenye sehemu ya siri chini yake, zikibebwa na Chaturbhuj Amin, mpishi wa nyumba. Moja yake ilimuua A. M. T. Jackson, mkuu wa wilaya ya Nashik, tarehe 21 Desemba 1909. Anant Kanhere aliyefyatua risasi alinyongwa Aprili 1910 pamoja na wenzake wawili, na Amin akageuka shahidi wa serikali. Kumbuka pia kwamba katika tukio la Dhingra daktari wa Kiparsi, Cawas Lalcaca, aliyekimbia kumwokoa Wyllie, naye aliuawa. Damu ya Mhindi asiye na hatia ilimwagika katika tendo lililofanywa kwa jina la Wahindi, na watetezi wa Shyamji huliruka jambo hilo haraka mno.

Je, Shyamji aliamuru mauaji yale? Alisema hakuhusika, kisha akamtukuza Dhingra kuwa shahidi wa nchi na kutangaza ufadhili wa masomo kwa heshima yake. Ni msimamo mgumu kuutetea. Kama tendo ni jema kiasi cha kulitolea ufadhili, basi aliyelihubiri anapaswa kukubali sehemu yake. Kama hahusiki, basi anawapa vijana wengine mfano wa kufuata huku yeye akiwa mahali ambapo gharama haimfikii.

Matokeo ya kivitendo yalikuwa mabaya kwa harakati zenyewe. Dhingra alinyongwa Pentonville tarehe 17 Agosti 1909. India House ilifungwa. Serikali ya India ikamweka John Wallinger London kuendesha ujasusi dhidi ya Wahindi wa Ulaya, kazi iliyokua na kuwa idara kamili. Makachero walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya nyumba kabla ya hapo. Bweni lenye anwani inayojulikana, mikutano ya kila wiki na mlango ulio wazi kwa kila mwanafunzi ni mahali pazuri pa kufundishia siasa na mahali pabaya kabisa pa kuficha silaha. Kazi hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Iliyo wazi inaisaliti iliyo ya siri, kisha ya siri inaiua iliyo wazi. Mtandao wa wanafunzi uliojengwa kwa miaka minne ulisambaratika ndani ya miezi michache.

Gandhi alifika London siku chache tu baada ya risasi za Dhingra, akakuta hali hiyo. Novemba 1909, melini kurudi Afrika Kusini, aliandika kitabu kwa siku kumi ambacho kwa sehemu kubwa ni majibizano na vijana wa aina hii.

Upande wa pili unasema nini

Hoja ya kwamba angebaki au angerudi India inaonekana nzuri hadi uangalie yaliyowapata waliobaki. Julai 1908 Tilak alihukumiwa miaka sita Mandalay kwa makala juu ya bomu lililorushwa na wanamapinduzi huko Muzaffarpur, India, makala zilizokuwa za tahadhari kuliko nyingi alizochapa Shyamji. Mwaka huo huo sheria mpya iliruhusu kutaifisha mashine za magazeti, na sheria ya 1910 ikawabana wachapaji kwa dhamana za fedha. Gazeti la Shyamji lisingedumu miezi mitatu Bombay. Kukaa nje kulimpa kitu ambacho Tilak hakuwa nacho: kuendelea kusema.

Savarkar mwenyewe ni mfano. Alikuwa salama Paris mwanzoni mwa 1910, akarudi London, akakamatwa kituo cha treni cha Victoria tarehe 13 Machi. Julai alitoroka melini Marseille kwa kuruka baharini, akakamatwa na polisi wa Kifaransa na kurudishwa kwa Waingereza pale pale. Suala likafika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, ambayo Februari 1911 iliamua kwamba Uingereza haina wajibu wa kumrudisha. Kabla ya uamuzi huo alikuwa amekwisha kupewa vifungo viwili vya maisha, jumla miaka 50; akapelekwa visiwa vya Andaman, na kutoka huko akaandika maombi ya msamaha. Ujasiri wa kurudi ulikuwa wa kweli. Faida yake kwa harakati ni ngumu kuionyesha.

Njia nyingine ya kufanya kazi nje ilikuwa ya Naoroji, aliyechaguliwa mbunge wa Finsbury Central mwaka 1892 na kutumia miaka yake London kuwaonyesha Waingereza kwa takwimu jinsi mali ya India inavyonyonywa. Shyamji aliiona njia hiyo kuwa ya kuomba, na aliushambulia mfumo wa Congress, chama kikuu cha siasa cha Wahindi, wa kuweka kamati London ya kuwabembeleza wabunge. Alikuwa na haki kusema kwamba mtawala hatoi uhuru kwa sababu ameonyeshwa hesabu. Lakini takwimu za Naoroji zilikuwa silaha za kizazi kizima cha waandishi, wakiwemo wale wa India House. Hapa Shyamji alikosa ukarimu wa kutambua alichorithi.

Ukarimu ulimpungukia na kwa wenzake. Bhikaji Cama, aliyeinua bendera ya India kwenye mkutano wa wasoshalisti Stuttgart tarehe 22 Agosti 1907, pamoja na Rana, walianzisha gazeti lao, Bande Mataram, Septemba 1909, mwanamapinduzi Har Dayal akiwa mhariri. Lilipitishwa India kwa siri, pamoja na kupitia Pondicherry, koloni la Wafaransa ambako forodha ya Waingereza haikuwa na mamlaka. Magazeti mawili ya wahamishwa wachache waliokuwa mji mmoja ni dalili ya mfarakano. Tatizo lilikuwa la muundo: fedha zilikuwa zake, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wake. Hapakuwa na kamati ya kumwambia hapana. Uhuru uleule wa kifedha uliomlinda asinunuliwe na mtu ndio uliomfanya asiwajibike kwa mtu. Nauona huu kuwa udhaifu mkubwa zaidi katika kazi yake yote, kuliko hata kuhama kwake.

Mwaka 1914, Ufaransa ikiwa imesogeleana na Uingereza na Mfalme George V akitarajiwa kuzuru Paris, alihamia Geneva. Uswisi ilimtaka asifanye siasa, akanyamaza vita nzima. Wakati huo wenzake wa zamani walikuwa wametawanyika kwenye uwanja mpana: Har Dayal alikuwa ameshaanzisha harakati za Ghadar, za Wahindi waliotaka kuupindua utawala wa Waingereza, San Francisco mwaka 1913, wengine wakaunda kamati Berlin. Gazeti lake lilirudi mwaka 1920, likazimika tena 1922. Alitaka kuipa Ligi ya Mataifa fedha za kuanzisha mihadhara juu ya njia za taifa kupata uhuru, akakataliwa. Jawaharlal Nehru, baadaye waziri mkuu wa kwanza wa India huru, aliyemtembelea Geneva katikati ya miaka ya 1920, alimkuta mzee mwenye fedha nyingi anayetembea kwa miguu ili asitoe nauli ya tramu, anayemshuku kila mgeni kuwa ni jasusi au anafuata mali yake, na mifuko ya koti imejaa matoleo ya zamani ya gazeti lake. Picha hiyo inauma, na wengi huitumia kumhukumu. Haki inadai kusema kwamba majasusi walikuwepo kweli, kwa miaka ishirini, na mtu aliyeishi hivyo hubeba alama zake.

Alifariki tarehe 30 Machi 1930, Bhanumati akafuata mwaka 1933. Alikuwa ameweka mkataba na kulipia kabla, ili majivu yao yahifadhiwe makaburini Geneva kwa miaka 100, hadi India iliyo huru itakapokuja kuyachukua. India ilipata uhuru mwaka 1947. Mabaki ya Dhingra yalirudishwa kutoka London mwaka 1976. Majivu ya Shyamji yalibaki Uswisi hadi Agosti 2003, alipoyafuata Narendra Modi, wakati huo waziri kiongozi wa Gujarat, na mwaka 2010 kumbukumbu ikazinduliwa Mandvi ikiwa na jengo lililoigwa kutoka India House. Wapinzani wa Modi waliona siasa za chama ndani yake, na wafuasi wake wakauliza kwa nini serikali zilizotangulia zilikaa zaidi ya nusu karne bila kutimiza wasia ulioandikwa wazi. Swali hilo la wafuasi ni la haki. La haki pia ni kuuliza kama mtu aliyeshirikiana na Rana kutoa ufadhili wenye jina la Akbar angependa kuwekwa kwenye ukuta wa upande mmoja.

Liko na jambo la Inner Temple. Tarehe 30 Aprili 1909, kabla ya risasi za Dhingra, chama hicho cha mawakili kilimfuta Shyamji kwa sababu ya barua zake kwenye gazeti la The Times. Mwaka 2015 kilimrudisha, kikikiri kwamba kudai India ijitawale hakukupingana na uwakili na kwamba kwa vipimo vya leo hakusikilizwa kwa haki yote. Kwa upande wa sheria uamuzi huo ni sahihi na ulichelewa. Ila unahusu alichokisema tu. Barua za The Times alizitia saini mwenyewe na gharama yake akailipa mwenyewe, kwa kupoteza uwakili. Kwa kurasa zilizochapwa London akiwa Paris, na kwa vijana waliozisoma kama maagizo, hakuna chombo kilichoketi kumhoji, na wanaoandika wasifu wake leo wanapaswa kulishika swali hilo kwa uzito uleule wanaoupa ufadhili wake.